Habari za Babu Zetu Waliokwenda Vitani

Ndugu wasomaji, katika kitabu hiki cha jubilei mmesoma habari za waliotutangulia: waliojenga, waliofundisha, waliochoma matofali na kuyabeba vichwani. Lakini tumeona si haki kukifunga kitabu pasipo kuwataja watu wengine waliokaa kati yetu miaka mingi. Hao ni wale wazee waliokuwa wakiketi mbele ya nyumba zao wakiota jua la asubuhi, na watoto waendao shuleni wakapita wakisema, "Shikamoo, babu," wala wasijue mzee yule ameona nini duniani. Hawa ndio babu zetu waliokwenda vitani. Wale wa Vita Kuu ya kwanza wamekwisha kulala wote, na makaburi ya wengi hayana jiwe wala jina. Basi twataka kueleza habari zao kwa kweli, bila kuzipamba na bila kuzificha.

Tuanze na jambo moja lililotokea hapa hapa Mwanza. Mwaka wa 1964, ndio mwaka ule nchi yetu ya Tanganyika ilipoungana na Unguja, baraza la kutunga sheria la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kutoa fedha za kuwalipa askari Waafrika waliotumika katika jeshi la Wajerumani wakati wa vita ya 1914 hata 1918. Wazee wetu waliwaita Wajerumani kwa jina la Wadachi, nasi tutafuata desturi yao. Askari hao hawakupata kulipwa haki yao yote vita ilipokwisha, na sasa ilikuwa imepita miaka arobaini na sita. Jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikufa mwaka ule ule mwezi wa Machi, akiwa na umri wa miaka 93. Ndipo mahali pa malipo pakafunguliwa Mwanza, na wazee wapata 350 wakaja kudai.

Inasimuliwa ya kwamba wachache tu walikuwa na karatasi walizopewa mwaka wa 1918. Wengine walileta vipande vya nguo zao za uaskari, vimechakaa na kuliwa na mende. Wengine hawakuwa na kitu cho chote mkononi. Yule mtu wa benki aliyeleta fedha akawa na shaka: atajuaje nani askari kweli, na nani amekuja kwa kusikia habari ya fedha? Akapata shauri. Kila mzee aliitwa mbele, akapewa ufagio badala ya bunduki, akaamrishwa kwa Kidachi kufanya mazoezi ya silaha: kuweka begani, kushusha chini, kutoa heshima. Na inasimuliwa ya kwamba hapana hata mmoja aliyeshindwa.

Watu huisimulia habari hii wakicheka, na kweli inachekesha kumwona mzee mwenye mvi akisimama wima na ufagio begani. Walakini ukiitafakari utaona jambo zito ndani yake. Mwenye karatasi aliaminiwa kwa karatasi yake. Asiye na karatasi aliaminiwa kwa mwili wake, maana mwili ulikuwa haujasahau. Lakini je, yule ambaye hakuwa na karatasi, wala hakufundishwa mazoezi, naye alikuwa katika vita ile ile? Swali hili tutalirudia. Kwanza na tuyafuate maisha ya babu wa rika lile, toka utoto hata siku ile ya ufagio. Hatutamtaja mtu mmoja kwa jina. Tutasema mambo yaliyowapata wote wa zamani zake.

Mtoto aliyezaliwa Usukuma yapata mwaka wa 1890 alizaliwa wakati wa msiba. Miaka ile sotoka ilipita katika nchi na kuua ng'ombe wengi mno, na mtu asiye na ng'ombe Usukumani hana mahari wala maziwa. Mwaka wa 1892 Wadachi wakaweka kituo chao Mwanza, penye miamba mikubwa kando ya ziwa. Mtoto akakua akisikia baragumu ya boma. Alipokuwa na umri wa kuchunga mbuzi, ilikuja kodi ya nyumba, mwaka wa 1898, na wakubwa wakaanza kutafuta fedha za kulipa. Mwaka wa 1904 zikatoka sarafu ndogo zilizoitwa Heller, mia moja katika rupia moja. Wasomaji wa Mirongo, mkienda sokoni leo na kusema, "Sina hela," mnataja sarafu ile ya Wadachi. Tena mkiwaambia watoto, "Nendeni shule," mnasema neno la Kidachi pia. Watawala waliondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini maneno yao yamebaki vinywani mwetu.

Kwa nini kijana wa Kisukuma alikubali kuwa askari? Wengine walisukumwa, lakini wengi walikwenda kwa hiari yao, wala si jambo la kustaajabu. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa watu wa safari tangu zamani. Kabla ya Wadachi walikwenda pwani na kurudi, mzigo wa frasila mbili begani, na kijana asiyewahi kuiona bahari hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Uaskari ulikuwa safari nyingine. Tena ulikuwa na mshahara, na mshahara wa askari ulipita mbali ujira wa kibarua. Askari aliweza kuoa, kuwa na mtumishi, na kupanda daraja: ombasha, shaushi, hata sol. Alipopita njiani watu walimwachia njia.

Basi vita ikaja mwezi wa Agosti 1914. Wakati ule jeshi la Wadachi katika nchi hii lilikuwa na makampuni kumi na manne, na askari wapata 2,500. Baadaye waliongezwa hata wakapita 11,000. Kampuni ya kumi na nne ndiyo iliyokuwa Mwanza. Ziwa letu, lililokuwa njia ya mashua za samaki na za biashara, likawa uwanja wa vita, na meli za Waingereza zikatiwa mizinga. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza walivuka wakaipiga Bukoba siku mbili, wakavunja mnara wa simu ya upepo, kisha mji ukatekwa nyara. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, wakakitwaa kisiwa cha Ukerewe. Ndipo katika usiku wa mwezi wa Julai wakashuka pwani upande wa mashariki wa Mwanza, chini ya Sir Charles Crewe, na tarehe 14 Julai 1916 wakaingia mjini. Wadachi walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda kusini.

Hapo ndipo safari ya babu ilipoanza kweli. Aliuacha mji wake, akaenda Shinyanga, akaenda Tabora. Tabora nayo ikatwaliwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Wengine walikamatwa, wengine walitoroka wakarudi kwao, na wengine waliendelea kusini katika nchi wasizozijua, Iringa na Mahenge, hata mto Ruvuma. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck aliuvuka mto ule akaingia nchi ya Wareno. Huko walitembea miezi mingi, wakila walichokipata, wakivaa nguo walizowavua adui, wakipigana na bunduki walizoziteka. Mishahara haikuwako tena, ila ahadi iliyoandikwa. Wala hawakutembea wanaume peke yao. Wake wa askari walifuata msafara, wakipika na kubeba vyombo, na watoto walizaliwa njiani. Katika habari za vita husikii majina ya mabibi wale, lakini miguu yao ilipita mahali pale pale.

Tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu kuvuka Ruvuma, jeshi lile liliweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, katika nchi ya Zambia. Vita ya Ulaya ilikuwa imekwisha tangu tarehe 11, lakini habari ilichelewa kuwafikia. Askari waliobaki walikuwa zaidi kidogo ya 1,100. Wakachukuliwa kwa njia ya ziwa Tanganyika na gari la moshi hata Tabora, wakawekwa kambini. Huko wakakutwa na ile homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima mwaka ule, na baadhi ya watu ambao risasi haikuwapata miaka minne wakafa kwa kikohozi.

Aliyepona alirudi nyumbani. Alikuta nini? Alikuta bendera nyingine bomani. Alikuta wazazi wamekufa, au mke ameolewa kwa kudhani mumewe ameangamia. Hata fedha aliyokuwa akiidai ilikufa, maana Waingereza waliiondoa rupia na kuleta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Akashika jembe, akalima mtama na pamba. Mwaka wa 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza, na njia aliyoikimbia kwa miguu mwaka wa 1916 sasa gari la moshi likaipita kwa muda mfupi. Akazaa, akapata wajukuu. Mwaka wa 1961 akauona uhuru. Basi katika maisha ya mtu mmoja palikuwa na watemi, na Wadachi, na Waingereza, na serikali yetu wenyewe. Na miaka mitatu baada ya uhuru akasikia ya kwamba Wadachi wamerudi Mwanza, hawana bunduki, wana mfuko wa fedha na ufagio.

Hivyo ndivyo tumpendavyo babu, na hivyo ndivyo twapenda kumsimulia. Lakini tumeahidi kusema kweli. Babu huyu kwetu alikuwa mpole, mwenye hadithi, mwenye kuwagawia wajukuu muwa na karanga. Kwa wengine alikuwa mtu wa kutisha. Askari wa Wadachi ndiye aliyekwenda vijijini kudai kodi. Mkononi mwake kiboko kilitenda ile adhabu iliyoitwa hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na tano. Katika Vita ya Maji Maji, toka 1905 hata 1907, askari kama hawa walichoma mashamba na ghala za chakula kwa amri ya wakubwa wao, na katika nchi za kusini njaa iliua watu wengi kupita risasi. Tena katika vita ya 1914 majeshi ya pande zote yalitwaa nafaka na ng'ombe na vijana po pote yalipopita. Ugogo iliingia katika njaa kubwa ambayo wenyewe waliiita Mtunya, na maelfu ya watu wakafa. Wazee wa Songea na wa Dodoma walikuwa na habari zao za kusimulia juu ya askari, nazo ni habari za kweli kama zetu.

Je, tumpunguzie babu heshima kwa sababu hiyo? Hatusemi hivyo. Mjukuu haharibu heshima ya babu yake kwa kusema kweli, ila huiharibu kwa kumtungia uongo, maana uongo ukigunduliwa hata yale mema hayaaminiwi. Babu alikuwa kijana aliyetafuta mahari na jina, akaingia katika kazi ya watu wenye nguvu, akatenda alivyoamrishwa, na mengine akayatenda pasipo kuamrishwa. Baadaye alikaa miaka arobaini na zaidi kijijini kwa amani. Maisha marefu huwa na nafasi ya mambo yote mawili.

Sasa turudi kwa swali letu. Ni nani aliyekuwa vitani, naye hana karatasi wala hawezi kutoa heshima kwa ufagio? Ndiye mpagazi. Katika vita ile hapakuwa na barabara nzuri, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota magari. Kila risasi, kila mfuko wa unga, kila mzinga uliovunjwa vipande, ulikwenda kwa kichwa au bega la mtu. Waingereza peke yao waliwatumia watu wapata milioni moja kwa kazi hiyo katika vita ya Afrika ya Mashariki, na waliokufa wapata 95,000. Wengi wao hawakuuawa na adui. Waliuawa na tumbo la kuhara, na homa, na baridi ya milimani, na unga usioiva vizuri. Wadachi nao waliwatumia wengi sana, wala daftari zao za wapagazi hazikutunzwa kama za askari. Wengine walikamatwa shambani, wakafungwa kamba, wakaenda. Na mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Dar es Salaam kuna sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka wa 1927 katikati ya mji, ameelekeza bunduki yake upande wa bandari. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini, lakini aliyesimama juu ni askari. Hata hivyo mpagazi ana ukumbusho wake, naye alijipatia pasipo fundi wala shaba. Mahali walipopigishwa kambi wapagazi wa Waingereza, waliokuwa wa Carrier Corps, watu wakapaita Kariakoo, na leo ndilo soko kubwa kuliko yote nchini. Nairobi vile vile kuna mahali paitwapo Kariokor. Watu elfu na elfu hununua nguo na ndizi Kariakoo kila siku, wala hawajui ya kuwa wametaja jeshi la wabeba mizigo.

Mwaka wa 1964 mpagazi hakuitwa Mwanza. Angeitwa, angeonyesha nini? Labda bega lake lenye sugu. Lakini bega lenye sugu wanalo wakulima wote na wavuvi wote wa ziwa hili, na mtu wa benki asingeweza kuitofautisha sugu ya vita na sugu ya kazi. Hivyo mtu aliyebeba vita yote kichwani hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba alikuwako. Shahidi wake mmoja alikuwa neno lake, na neno lake lilihitaji mtu wa kuliuliza na kuliandika.

Enyi walimu na wazazi, hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi. Baada ya babu wale walikwenda vitani wana wao. Katika Vita Kuu ya pili, toka 1939 hata 1945, zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliandikwa, wengi wao katika King's African Rifles, jeshi ambalo watu waliliita Keya. Walipigana Habeshi mwaka wa 1941, wakaenda Madagaska mwaka wa 1942, na mwaka wa 1944 wakapita katika misitu ya Bama, katika mvua na matope na malaria, hata mji wa Kalewa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa na manowari ya Wajapani iendayo chini ya maji. Wakafa watu wapata 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa Afrika ya Mashariki. Ni nyumba ngapi zilizongoja barua isiyokuja?

Kisha ikaja vita ya Kagera. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu ng'ambo ya mto Kagera, na vijana wa mikoa yote wakaenda, askari wa jeshi na mgambo pamoja, hata Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Baadhi ya waliokufa wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, na kila mwaka tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Waliopona wako kati yetu. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa amepita miaka sitini na mitano. Ndiye babu tunayemwamkia asubuhi tukienda zetu.

Basi tunaomba jambo moja, nalo halihitaji fedha. Mwalimu na awatume wanafunzi wake, kila mmoja kwa mzee wa nyumba yake, na daftari na kalamu. Wamwulize jina lake lote, na jina la baba yake, na mahali alipozaliwa. Asipojua mwaka, wamwulize ulikuwa mwaka wa njaa gani, au wa nzige, au wa mafuriko gani. Wamwulize alipita wapi, alibeba nini, alikula nini, nani alikufa karibu naye, na nani alibaki nyumbani akilima. Wamwulize bibi pia, kwa maana yeye alingoja, na kungoja ni kazi. Wasimkatize akinyamaza. Akisema jambo la aibu waliandike kama alivyolisema. Kisha wamsomee, naye atie alama ya kidole au jina lake, na daftari likawekwe shuleni au parokiani mahali pasipofikiwa na mchwa.

Wale wazee 350 walijulikana kwa sababu mwili haukusahau amri. Wenzao waliobeba mizigo walipotea, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeuliza. Tusimngoje mgeni aje na mfuko wa fedha na ufagio, ndipo tutake kujua babu zetu ni akina nani.